Salamu ya Kidole Kimoja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha nikangoja kama mjinga marahaba yako, ambayo haijatoka tangu ulipopata kiharusi. Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana. Leo nusu hiyo hainitoshi, lakini ndiyo niliyo nayo. Pasipoti yangu iko ofisi ya uhamiaji hapa Guangzhou inangoja kibali kipya cha kukaa, na bila pasipoti siwezi hata kuomba viza ya kuja Australia kukuona. Kila nikienda kuuliza, yule binti wa dirishani hunijibu kwa upole kwamba nisubiri. Afadhali angenifokea.

Unaikumbuka safari yetu? Kaka Hamadi alikuwa amekuhamishieni Darwin, wewe na Mama, nami nikaja kuwatembelea. Akakodi karavani, kile kijumba cha magurudumu, akakifunga nyuma ya gari lake, tukaingia nyika ya kaskazini: wewe mbele, mimi na Mama nyuma na chupa ya chai. Vumbi jekundu lilituingilia mpaka kwenye kachumbari. Vichuguu vilikuwa virefu kuliko wewe, na Mama akasema hajapata kuona nchi inayotawaliwa na mchwa. Asubuhi nzima ilipita hatujaonana na mtu.

Hatimaye gari likatokea mbele, na Hamadi akainua kidole kimoja kwenye usukani.

"Unamtishia nani?" ukamuuliza.

"Simtishii, Baba. Ndivyo wanavyosalimiana huku."

"Salamu gani hiyo? Hujamuuliza hali, hujamuuliza wa nyumbani kwake! Kidole kimoja ni salamu ya mtu asiye na nia ya kusimama."

Tulipopumzika kando ya barabara, gari lililofuata ulilisimamisha mwenyewe, ukipunga mikono yote miwili. Mzungu mmoja mzee akateremka mbio na dumu la maji na jeki, akidhani tumekwama. Ikambidi Hamadi, kwa aibu zote, amweleze kwamba hatuna shida, baba yake anamsalimu tu. Yule mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Mkaulizana watoto, mkaulizana mvua, akanywa chai ya Mama na kuomba tena. Alipoondoka ulitwambia, "Sasa huyo tumeonana naye." Nilikuonea fahari sana, Baba.

Jana nilikuwa kwenye soko la nguo la Shahe, nikiwanunulia wateja wa Mombasa magauni ya watoto. Muuzaji alikuwa ananihimiza, "Laoban, yao bu yao?", bosi, wataka hutaki, mara simu ikalia. Alikuwa Hamadi, amekuelekezea kamera kitandani. Nikapaza sauti, "Shikamoo, Baba!" Hukuweza kuitikia. Ukainua kidole kimoja, polepole, juu ya shuka.

Mama akaangua kilio, akidhani unatoa shahada ya mwisho. Hamadi akasema labda wataka maji. Mimi nilisimama kati ya marobota, wenye mikokoteni wakinipigia kelele nipishe, sijui lolote, siwezi lolote, hata kijiko cha maji siwezi kukutilia mdomoni. Nikainua na mimi kidole changu. Simu ikakatika.

"Sister, ni mzee?" aliniuliza Achieng, mwenzangu wa Nairobi tunayenunua naye mzigo.

"Amenisalimu."

"Basi si ni poa? Mbona unalia?"

Nikageuka kumlipa muuzaji. Ili anielewe, angehitaji kuwa nasi kwenye barabara ile.

Baba, kama ilikuwa shahada, Mungu aipokee. Kama ilikuwa kiu, Hamadi yuko hapo ubavuni kwako. Lakini kama ilikuwa salamu yangu, nakuomba, usinipe hiyo ya kidole. Simama kidogo. Bado hujaniuliza hali.

Ni mimi binti yako,
niko kando ya barabara, nakupungia mikono yote miwili.