Nilimfundisha Kuzunguka Kinu

Jumatano, 10 Julai 1996
Kahawa imeanikwa. Mgongo unauma. Osmund, mdogo wangu, kapata kazi: kuendesha lori la kahawa la Mzee Saidi, mwenye duka Mbinga mjini. Siku hizi wanunuzi binafsi ruksa. Mimi dereva wa ushirika nilipunguzwa, yeye kachukuliwa. Namwonea wivu, nakiri. Jumatatu anakwenda mbali, kwenye miji yenye vipilefti, ile mizunguko ya katikati ya njia panda. Hajawahi kukiona hata kimoja. Maguu hapa tuna kona tu.

Jumamosi, 13 Julai
Nimeweka kinu katikati ya ua. Nikampa Osmund ungo uwe usukani. Zunguka! Kinu kibaki kulia kwako! Kazunguka mpaka kaloa jasho. Gaudensia, mkewe, kacheka hadi kashika mbavu. Mama naye katoka jikoni kutazama. Nimejiona mwalimu kweli.

Jumatatu, 15 Julai
Kaondoka alfajiri. "Kinu kulia," nikamwambia. "Kinu kulia, kaka." Kapiga honi hadi kona ya chini.

Alhamisi, 18 Julai
Osmund amefariki. Ajali. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 20 Julai
Tumemzika. Mzee Saidi kaja, mkono umefungwa. Alikuwa naye kwenye lori, kiti cha mbele. Kanivuta kando, kanieleza. Basi la abiria lilikuwa tayari ndani ya kipilefti, likitokea kulia. Osmund hakusimama. Alipiga honi, akasema, "Tuna mzigo, watatupisha." Akaingia.

Ole wangu. Hayo ni ya huku. Kwenye milima yetu lori lenye mzigo likipanda halisimamishwi, maana likisimama haliondoki tena. Linapiga honi, wote wanalipisha. Nilimfundisha mimi. Kwenye kipilefti anapishwa anayetoka kulia, uwe na mzigo usiwe nao. Nilijua! Nimeendesha huko miaka kumi. Lakini uani alikuwa yeye na kinu tu, hakuna gari la pili, nikasahau kumwambia. Mjinga mimi.

Jumatano, 24 Julai
Majirani wanasema kazi ya Mungu haina makosa. Wengine wananong'ona karogwa. Gaudensia kanishukuru kwa kumfundisha mumewe. Kanishukuru!

Jumapili, 28 Julai
Baada ya misa nimewaambia, Mama na Gaudensia. Yote. Sikujitetea. Gaudensia aliinuka, akaingia ndani. Mama aliuliza kitu kimoja: angesimama kidogo, angepona? Nikasema ndiyo, Mama.

Kinu kilikuwa bado pale pale. Msiba wote tulitwangia kwa jirani, hakuna aliyethubutu kukigusa. Jioni Gaudensia alitoka, akakilaza, akakiviringisha mpaka jikoni. Nilisogea kumsaidia. Akanizuia kwa mkono.

Nimekaa kibarazani. Namsikia anatwanga mahindi ya kesho.