Mawaridi ya Nyuma ya Jiko

Mama mkwe,

Jana tumefunga ndoa. Naanza na hilo ili upumue kwanza, habari nyingine zitafuata. Otilia wako amesimama mbele ya padri kanisani Mnero, ameshika mawaridi ya kweli, na mimi nilikuwepo. Nilikuwepo mpaka mwisho. Watu ishirini na wawili tu, hakuna kamati, hakuna ukumbi, hakuna muziki wa kukodi. Pilau tumeilia uwanjani kwako, na jua lilipozama kila mtu alikuwa ameshafika kwake.

Nakuandikia kwa sababu kukuambia sikuwahi kuweza. Miaka kumi na sita nimekuwa mkweo na sijawahi kukutazama usoni. Ukitoka jikoni, mimi nageukia barabarani. Ukinisalimu, naitikia huku naangalia viatu vyangu. Watu wa kwenu wakanisifu, Msukuma huyu ana adabu ya ukwe kuliko vijana wetu. Adabu ipo, sikatai. Ila mama, nilikuwa najificha humo ndani ya adabu, na leo natoka.

Ile Ijumaa unaikumbuka kuliko mimi. Kwetu mwanaume akichukua mke bila kutoa ng'ombe, wazee humwona kama mwizi. Kwenu ng'ombe haulizwi. Mwanaume anahamia ukweni, anashika jembe, analima shamba la mama mkwe, yamekwisha. Mjomba, kaka yako, aliniambia waziwazi nisihangaike na ng'ombe, nyumbani kwa dada yake hakuna hata zizi. Sikusikia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na ng'ombe arobaini, na mtu wa namna hiyo haambiliki. Nikaswaga majike wawili kutoka Nkowe, nikafika kwako jioni, kesho yake ndiyo harusi. Nikawafunga kwenye mpapai ulio pembeni mwa nyumba, nikaenda kulala kwa katekista huku najiona mkwe wa mfano.

Nyuma ya jiko lako kulikuwa na miche saba ya mawaridi mekundu. Otilia alikuwa ameshanisimulia habari zake. Ulipewa vijiti na masista zamani, ulipokuwa msichana unawafulia, ukavipanda, na kiangazi chote kabla ya harusi yetu uliimwagilia miche hiyo maji ya kuoshea vyombo, ndoo kwa ndoo, na hukuruhusu mtu kuchuma hata ua moja. Wewe mwenyewe uliolewa na maua ya karatasi, miche ikiwa bado haijachanua. Mvua ikanyesha mlangoni mwa kanisa, rangi ikachuja, gauni likawa na madoa mekundu mpaka tumboni, na wapo waliocheka. Ukaapa binti yako atashika waridi la kweli.

Asubuhi nilikuta kamba imekatika. Nikafuata kwato mpaka nyuma ya jiko, mahali ambapo mkwe hapiti. Majani yameliwa, matumba yameliwa, maua yote yameliwa. Vimebaki vijiti vimesimama kama fagio kuukuu. Jike mmoja alikuwa bado anatafuna, petali imemganda puani. Na wewe ulikuwa umesimama hapo na ndoo yako ya maji. Hukupiga kelele. Ulisema maneno manne tu: "Ng'ombe wako wamekula harusi."

Ningepiga magoti yangeisha pale pale, sasa najua hivyo. Siku ile sikujua. Niliwaza mkosi, nikawaza watu wa Mnero watakavyonicheka, na nikawaza jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, kwamba labda nimepata sababu. Maana niliogopa, mama. Niliogopa kusimama mbele ya watu na kusema maneno ya maisha yote kwa lugha ambayo bado ilikuwa inanigonga ulimi. Nikachukua kamba, nikawaswaga ng'ombe wangu kurudi Nkowe. Padri akavaa, kwaya ikajipanga, Otilia akakaa na gauni lake mpaka saa saba mchana.

Tangu hapo aliyeniuliza kwa nini hatujafunga ndoa, nilimjibu kwamba ng'ombe walikula maua. Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, mambo yanapita. Lakini ng'ombe hawakukimbia, mama mkwe. Ng'ombe walikuwa wameshiba na walitaka kulala. Aliyekimbia ni mimi. Kuna methali inayomfaa mtu kama mimi, inaanza na "mficha", ila ina neno ambalo mkwe hatamki mbele ya mama mkwe, kwa hiyo utaimalizia mwenyewe.

Wiki tatu baadaye Otilia alishuka kwenye baiskeli ya kukodi pale Nkowe, na begi lake mkononi, akaniambia amekuja kunitukana. Alinitukana mpaka jioni. Kisha akauliza maji ya kuoga yako wapi, akabaki. Watoto watatu tumewapata, na kila mtoto ulikuja kumpokea, ukakaa mwezi mzima, ukampikia mwanao uji, na hukusema neno lolote kuhusu ndoa. Nilidhani unyamavu ule ni hasira. Ungenitukana kama yeye ningelala vizuri.

Kilichonishinda si hicho. Kilichonishinda ni benchi. Kila Jumapili wenzake wakipanga mstari kwenda kukomunika, Otilia anabaki amekaa, kwa sababu anaishi na mwanaume ambaye hakufunga naye ndoa. Mwanamke aliyelelewa kivulini mwa kanisa, anayejua nyimbo zote, anasogeza magoti pembeni ili wengine wapite. Mimi sikuyaona hayo, nilikuwa machungani. Niliyaona siku ya mazishi yako, wakati wa mvua za mwaka jana. Dada zake wawili waliinuka, binamu zake wakainuka, mjomba akainuka na fimbo yake. Yeye akabaki peke yake kwenye benchi la wafiwa, anakunja pindo la kanga na kulikunjua, analikunja na kulikunjua. Mama yake yuko ndani ya sanduku hatua tano mbele yake, na hawezi kusogea. Niliapa pale pale.

Nikaenda kwa katekista, yuleyule, mvi zimemjaa. Nikarudia mafundisho kama mtoto wa Komunyo ya kwanza. Nilimwuliza Otilia anataka harusi ya namna gani, nikiwa tayari hata kuuza ng'ombe wanne. Akasema hataki makuu, watu wake na wangu wachache watoshe, ila shada la mawaridi ya kweli analitaka, na wanaume wavae tumba moja moja kifuani, kama ulivyokuwa umepanga wewe. Mawaridi ya kweli Nachingwea hii nitayatoa wapi, na yaliyokuwepo niliyalisha ng'ombe?

Tukaenda mjini kwa mama mmoja mpambaji. Ana maua ya plastiki ya kila rangi, mpaka ya bluu, mengine yamenyunyiziwa kitu kinachometameta. Alitutolea shada moja kubwa kama kichwa cha ndama, akalisifia kwamba halinyauki, tutalitumia hata kwa wajukuu. Otilia akalishika, akaligeuza, akalirudisha mezani kwa upole.

"Mimi nataka yanayonyauka," akasema.

Mpambaji akatushauri tuagize Dar, yaje na basi kwenye boksi la barafu. Mimi nikaanza kuuliza basi linafika saa ngapi. Otilia akanivuta shati mpaka nje. Akaniambia mawaridi yapo nyumbani. Nikauliza nyumbani wapi, akasema kwa mama, nyuma ya jiko. Nikadhani ananisimanga. Nikamwambia yale yalikufa.

"Nani kakwambia?" akauliza.

Nikafikiri. Hakuna aliyeniambia. Miaka kumi na sita ninakuja kwako, nakaa kwenye kiti cha mbele, nakula kinacholetwa, naaga, naondoka. Mkwe hazunguki jikoni. Nilijua maua yamekufa kwa sababu mimi ndiye niliyeyaua, na sikuwahi kwenda kuangalia.

Siku ileile tukapanda bodaboda mpaka Mnero. Mdogo wako, anayeitunza nyumba yako sasa, alikuwa anapepeta mchele uwanjani. Nilieleza shida yangu huku naangalia viatu, maana naye ni mama mkwe wangu. Akasema nipite nyuma. Nikasita. Hapo akaweka ungo chini.

"Ng'ombe wako walipita bila hodi," akasema, "wewe unasubiri nini?"

Nikapita. Mama, vichaka sita vimenifika kifuani. Mche mmoja tu ndio uliokufa. Maua mekundu yamejaa, nyuki juu yake, na chini udongo umelowa maji ya vyombo, kwa sababu mdogo wako hajaacha kumwagilia hata siku moja. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akanisimulia kwamba miezi mitatu baada ya ng'ombe wangu, vile vijiti vilichipua kuliko mwanzo. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta, ukasema ng'ombe wa Msukuma wanajua kupogoa kuliko masista. Na kila mwaka yalipochanua ulirudia kicheko hicho. Mimi nimeishi na watu wanaopogoa mikorosho yao mwaka hadi mwaka, nikiona ikikatwa na kuzaa, na sikuwahi kuunganisha mambo mawili.

Nikamwuliza kwa nini hamkuniambia. Akasema ulitamani sana, lakini mama mkwe hamwiti mkwe wake nyuma ya jiko, na ukituma maneno nitadhani unanidai harusi. Otilia ukamkataza. Ulimwambia nikiuliza anijibu, nisipouliza aniache, maua hayamkimbilii mtu. Basi nami nikamaliza miaka kumi na sita bila kuuliza. Nilicheka pale kwenye ndoo, na katikati ya kucheka nikalia, na mdogo wako akarudi kwenye ungo wake ili asinione. Tangu siku ile usingizi wangu ni wa mtoto.

Jana alfajiri tulichagua. Mdogo wako alitaka yale yaliyofunguka kabisa, yaonekane toka mbali. Otilia akakataa, akasema ulimfundisha kwamba la shada likatwe limefunguka nusu, limalizie kufunguka mkononi mwa bibi harusi, na la kifuani liwe tumba, maana lililofunguka litapukutikia kwenye koti. Nilikata mwenyewe, kwa kisu kilekile ninachokatia kamba za ndama, yeye ananionyesha kwa kidole, hili, siyo hilo, hilo liache, bado changa. Tisa ya shada. Matumba manne: langu, la Masanja msimamizi wangu, la mjomba, na la mwanetu mkubwa. Nikatoa miiba, mmoja ukanichoma gumbani, Otilia akasema hiyo ndiyo mahari, ng'ombe hatuwataki. Tukayafunga kwa utepe mweupe tulioununua kwa yule mpambaji, tukayaweka kwenye ndoo kivulini mpaka saa ya kutoka.

Kanisani mjomba alikaa benchi la nyuma, jirani na mlango, na fimbo yake ameilaza njiani. Alidai miguu inamuuma. Nadhani alikuwa ananichunga. Padri aliponiuliza nilijibu kwa sauti mpaka mwangwi ukarudi, na watu wakacheka, na sikujali.

Kisha ikafika Komunyo. Benchi la mbele likaanza kutoka. Otilia akasogeza magoti pembeni, mazoea tu, awapishe wengine. Nikamgusa kiwiko. Akaniangalia, akaangalia altare, halafu akainuka na shada lake mkononi, akatembea. Nilimfuata. Aliporudi kukaa, mawaridi yalikuwa yamefunguka yote, na akaninong'oneza, "Mama angecheka." Nikamwambia nadhani anacheka.

Leo ni Jumapili, bado tupo kwako. Ng'ombe wamebaki Nkowe, usiwe na wasiwasi. Nimekata vijiti sita, nimevifunga kwenye gunia bichi, nitavipanda mbele ya nyumba yetu ninapoweza kuviona, na uzio nitauweka mara mbili. Asubuhi hii, wengine walipokuwa wanaosha masufuria ya pilau, nilichukua ndoo ya maji machafu bila kutumwa, nikazunguka nyuma ya jiko, nikamwagilia. Hakuna aliyeshangaa.

Halafu niliingia sebuleni, ilipo picha yako ukutani, ile uliyopigwa ubatizo wa mjukuu wako wa kwanza. Nimesimama mbele yake nikakutazama usoni, kwa mara ya kwanza. Kumbe macho ya Otilia ni ya kwako. Na kwenye picha ile, mama, kumbe muda wote ulikuwa unacheka.

Lala salama, mama. Mwanao nimemfikisha.

Mkweo wa Nkowe,
aliyekuja safari hii bila ng'ombe