Pampu ya Mzee Dzombo

Nassir, leo nimejichukia.

Unaikumbuka ile picha niliyotuma kwa grupu letu la Land Rover za zamani? Gari la Mzee Dzombo limekwama matopeni Golbanti, nami nikaandika, "Marehemu huyu, kila mtu achague spea yake." Nilitaka mcheke tu! Na gari ni zima, linangoja pampu ya maji, ambayo mzee aliniomba mimi nimtafutie kwa wanachama.

Watu wakachagua kweli. Huyu giaboksi, yule milango.

Pampu nikaipata, leo nikampelekea. Wallahi Nassir, nimemkuta ameshang'oa milango! Ameing'oa mwenyewe, na ile mikono yake inavyotetemeka.

"Baba, ule ulikuwa mzaha!"

"Mjukuu wangu Lorna alinisomea. Nikasema, watu wa chama wanajua magari kuliko mimi. Kama wameshagawana, nani mimi nikatae?"

Ati nani yeye akatae! Gari lake mwenyewe!

Dunia imenichapa makofi mangapi, na mdomo huu bado haujafunzika.

Nikamnyooshea pampu. Hakuitazama.

"Mpelekee mwenye gari, mwanangu," akaniambia, akainama kufungua boneti.