Taa Nyekundu ya Gari Yako, Okumu

Omera Okumu, ndugu yangu,

Usiniulize kwa nini nimechelewa kuandika. Mkono yangu ilizoea usukani, haikuzoea kalamu, na darasa unajua niliona kupitia dirisha tu. Lakini nikinyamaza hii kitu itanipasua. Kwa hivyo lala vizuri hapo, unisikize.

Gari yako walipika. Hiyo ndiyo habari. Walipika injini yako kama nyama ya matanga, siku ile ile tulikuwa tunakupeleka nyumbani, na wewe uko mbele kwa sanduku, huwezi hata kugeuka useme neno moja.

Unakumbuka ukiileta hapa stage ya magari, karibu na soko ya Kibuye? Ulifungua boneti kama mtu anaonyesha mtoto mchanga. Nikaangalia ndani nikakuuliza, "Hii ni injini ama ni birika ya chai?" Silinda tatu. Lita moja, na hata hiyo lita haijajaa. Mimi niliyeendesha lori ya silinda sita Mombasa mpaka Kampala, mimi niliyeshuka mlima ya Timboroa na simenti mgongoni, breki ni kuita tu jina la Mungu, unionyeshe silinda tatu? Hapo ndipo nikakupa jina, Tatu. Na wewe ukaniita Sita. Ukasema, "Sita, hiyo lori yako ilikunywa mafuta kama mjomba kwa harusi. Hii yangu inanusa tu, inaenda."

Na ilienda. Sikukuambia ukiwa hai, nakuambia sasa kwa sababu huwezi kunichekelea. Ulisema iko na nguvu ya farasi sabini hivi, nikasema hao ni mbuzi. Lakini hao mbuzi wako walibeba watu wanne na gunia ya omena, zile samaki ndogo za ziwa, Bondo kuja Kisumu, na mafuta kidogo tu. Ikisimama kwa foleni ilikuwa inatetemeka kama mtu amekunywa chai bila kula, kwa sababu tatu haiwezi kukaa sawa kama sita, na zile raba zinashikilia injini zilikuwa zinachoka haraka. Ulijua magonjwa yake yote. "Oili nyepesi, Sita. Hawa mafundi wanaweka oili nzito ya lori, halafu wanashangaa cheni ya injini inalia asubuhi." Ukichelewa kubadilisha, inaanza kula oili, na moshi ya bluu inatoka nyuma kuambia majirani. Koili ya plagi moja ikikufa unabaki na silinda mbili, na hapo mlima unapandwa na maombi.

Lakini kwa joto hukuwa na mchezo. Kichwa ya hiyo injini ni aluminiamu, ikishika moto mara moja inajikunja kama chapati. Na kwa dashibodi hakuna mshale ya kuonyesha joto, kuna taa mbili tu. Bluu asubuhi injini ikiwa baridi, halafu inazima. Nyekundu ikichemka. "Ukiona nyekundu," uliniambia, "usiulize mtu, usimalize hadithi yako. Simama." Maji ya ziwa hukutaka ikaribie redieta. Kulanti pekee, ile maji ya dawa ya kupoesha injini. Ulininusisha ile kulanti, nikasema inanuka tamu kama soda ya mtoto. Ukasema, "Basi siku utasikia soda kwa gari yangu na hakuna mtu anakunywa, nipigie kelele."

Okumu, nilipiga kelele.

Ukiwa mgonjwa kwa kitanda, mimi upande huu, msichana wako Akinyi upande ule, ulisema, "Gari ni ya Akinyi. Abebe watu, abebe samaki, asiombe mtu yeyote." Sisi wote tulisikia. Ndugu yako Oduor pia alisikia, alikuwa anakula ndizi zako.

Sasa siku ya kukutoa mochari Akinyi akatoa funguo, na Oduor akamnyang'anya. Akasema msichana hawezi kuendesha nyuma ya maiti ya baba yake, atalia aingize watu kwa mtaro. Akashika usukani yeye. Akajaza watu mpaka wengine wanakaliana, juu akafunga viti vya plastiki, nyuma akaweka masufuria ya wapishi. Mimi nikabanwa kati ya mama wawili wanaimba. Tukaenda nyuma yako pole pole, gia ya kwanza, gia ya pili, taa zote zinapepesa, jua imesimama juu ya kichwa. Injini ndogo, mzigo ya lori, na upepo ya kupoesha redieta hakuna.

Tukipita Kisian nikasikia soda.

Nikasema, "Oduor, simama. Gari inatapika kulanti."

Akaniangalia kwa kioo. "Mzee Sita, leo utaziba na nini? Omena?"

Wakacheka wote. Hata wale mama waliacha wimbo ndio wacheke vizuri. Ni kwa sababu ya ile hadithi yangu, unaijua, vile lori ilipasuka redieta Uganda nikaziba na omena, tukaingia Kampala tukinuka supu. Hiyo hadithi nimekula nayo chai ya bure miaka mingi. Siku hiyo nikaitapika.

Taa nyekundu ikawaka. Nikainyoshea kidole kutoka huko nyuma. Oduor akasema hiyo ni ya handibreki. Nikamwambia handibreki iko chini, angalia na macho yako. Akasema, "Mzee, gari ya marehemu inamfuata mpaka kwa lango. Haiachwi njiani. Tukisimama hapa watu watasema nini juu yetu?" Na wale mama wakasema ni ukweli, tusimuache marehemu peke yake barabarani, na wewe Mzee leo tuhurumie na stori.

Mimi pia ni wa hapa. Hiyo heshima naijua, hakuna mtu wa kunifundisha. Lakini wewe mwenyewe ungekuwa pale kwa usukani ungefanya nini? Ungecheka kwanza. Ungecheka ushike tumbo, uniulize kama na ile kiboko ya hadithi yangu ingine, iliyonisukumia lori kutoka kwa matope Dunga iko njiani inakuja. Halafu ungesimama.

Hiyo ndiyo sijapata kwa mtu mwingine. Miaka yote nikikudanganya, ulijua mahali uongo yangu inaisha.

Senta ya Holo tulipita injini ikigonga. Kufika senta ya Akala, ikajizima yenyewe katikati ya barabara, moshi nyeupe kila mahali, mama wa watu wanaruka kwa milango. Kwa hivyo tulisimama tu, Oduor. Tulisimama vizuri sana. Na wewe Okumu ukaenda bila gari yako, bila mimi. Nilifika kwa lango yako na boda, nimejaa vumbi, wameshakuingiza, nyimbo ya kukupokea imeisha. Rafiki yako wa miaka yote hakukuingiza kwa boma yako. Hiyo nitaimeza vipi? Niambie, wewe mwenye akili.

Haijaisha. Siku ya mazishi Oduor akashika maikrofoni mbele ya watu akasema, "Ndugu yangu alikuwa mtu mzuri, lakini hizi vigari vidogo ni takataka, ona imetuaibisha." Alisema hivyo juu ya kaburi yako. Akasema iuzwe kama chuma. Nikasimama. Mimi, Sita, niliyeiita birika, nikasema hiyo injini haina kosa, kosa ni ya mtu aliyeona taa nyekundu akaendelea. Unajua walifanya nini? Walicheka. Walingoja nifike mahali pa omena.

Akinyi hakucheka. Alikuwa ameangalia chini, anakunja leso yake, anakunjua.

Ni yeye aliivuta na kamba mpaka Kisumu kwa fundi. Nilikaa pale kwa jiwe kila siku kama mgonjwa ni wangu. Wakatoa kichwa, imejikunja vile ulisema, ikapelekwa kwa mashine kunyooshwa, gasketi ikawekwa mpya. Halafu fundi akataka kutupa themostati, ile mlango ndogo ya maji. Akasema hiyo ni ya nchi za baridi. Akinyi akamwambia, "Rudisha. Baba alisema bila hiyo injini haijui ikae joto gani."

Inawaka sasa. Lakini kwa hiyo sikudanganyi, haiko vile uliacha. Silinda ya katikati imechoka, inakula oili, Akinyi anabeba kopo ya oili kwa buti ya gari kila safari. Wamezeesha hiyo gari, mtoto wako, kwa siku moja. Na Oduor? Juzi alikuja stage akapanda kiti ya mbele, hakuuliza mtu, akafungua dirisha akasema, "Hii gari siku hizi iko sawa." Nilishuka nikatembea na miguu.

Pale stage bado wananiita Sita. Sijui wanahesabu nini.

Jana nilienda na Akinyi kuchukua omena Bondo. Tukifika pale Kisian, pale pale, nikamwambia, "Akinyi, nasikia soda."

Akacheka. Ni kicheko yako, hata bega inapanda vile yako ilikuwa inapanda. "Mzee Sita, wewe, na hiyo pua yako." Halafu akawasha taa ya kugeuka, akatoka kando ya barabara, akazima, akashuka, akafungua boneti. Akashika mabomba na leso. Akachuchumaa akaangalia chini. Malori yanapita, yanampigia honi, yeye hana haraka.

"Sioni kitu," akasema. "Tungoje ipoe kidogo ndio tuone."

Hakukuwa na soda, omera. Nilitaka tu kujua kama atasimama. Sikumwambia. Nilijifanya vumbi imeniingia kwa macho, na pengine iliingia.

Kwa hivyo nisikize. Kiboko, Kampala, supu, hizo nitaendelea nazo mpaka na mimi wanimwagie mchanga. Lakini juu ya hiyo injini, ile ya jana ilikuwa uongo ya mwisho. Siku nitamwambia Akinyi simama, itakuwa ni taa nyekundu kweli. Nitakuwa nakaa hapo kando yake mpaka pua yangu ikufe.

Oduor sijamsamehe, na usije kwa ndoto kuniomba.

Oriti, kwaheri Tatu. Lala.

Sita wako.