Binti wa Dirisha la Fito

Kanazawa, 9 Aprili 2018

Mdogo wangu Mitsuyo,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Kengo. Natumaini magoti yake yamepata nafuu na theluji imeanza kuwaachia shamba. Mimi ni mzima, ila macho tu. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi siuoni tena jioni, kwa hiyo kimono za nyumba za chai nazishona asubuhi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningepayuka, na kuta zetu unazijua zilivyo nyembamba.

Hamaoka amerudi. Ndiyo, yule yule Hamaoka Shokichi wa duka la pombe ya sake, aliyenichumbia, ndugu zake wakaleta zawadi za posa kwa mbwembwe, kisha wiki ya harusi akakimbilia Osaka. Mke aliyemwoa huko amefariki, kazi amestaafu, amerudi kukaa nyumba ya marehemu mjomba wake. Na unajua kazi aliyojipatia? Anatembeza wageni. Anavaa koti la buluu, anashika bendera ndogo, anapitisha kundi mtaani kwetu kutoka darajani mpaka hekaluni, akieleza nyumba moja moja kama yeye ndiye aliyezijenga.

Nilikuwa naona wageni wanapiga picha dirisha letu. Nikafikiri wanapenda fito za zamani. Juzi Bi Nagai, yule anayeuza keki za maharage hapo mbele, akaniambia, "Hisae, kumbe wewe ni mzimu na siku zote hizi hujaniambia." Nikamuuliza mzimu gani. Akacheka mpaka akashika mlango, akasema nikae nisikilize mwenyewe.

Jana nikakaa nyuma ya fito na sindano mdomoni. Wakaja. Hamaoka akavua kofia, akashusha sauti. "Nyuma ya dirisha hili," akasema, "paliishi binti mmoja mzuri. Alimngoja mchumba wake aliyeenda mbali. Alingoja mpaka nywele zikawa nyeupe. Wapo wanaosema bado anangoja."

Msichana mmoja akatoa ua kwenye mkoba wake, akaliweka kizingitini kwangu, kama kaburini.

Mitsuyo, mimi nilikuwa napinda ukingo wa kimono. Sijawahi kumngoja mtu yeyote isipokuwa mleta vitambaa. Huyu mtu aliniacha, na sasa ananiuza kwa watu kama hadithi ya kuliza. Sitaliacha hivi hivi. Sijui bado nitafanya nini, lakini sitaliacha.

Dada yako,
Hisae


Obihiro, 22 Aprili 2018

Dada Hisae,

Barua yako imenikuta salama. Kengo anakusalimu, magoti yanamsumbua bado ila trekta halihitaji magoti, ndivyo anavyosema. Huku udongo ndio kwanza unalainika. Upepo wa Hokkaido haujui kama ni Aprili.

Dada, naomba uachane naye. Umri wetu si wa kugombana barabarani. Mwache aseme, wageni wanaondoka na gari moshi la jioni, hakuna anayekumbuka.

Halafu tuseme kweli. Alikosa kukuacha kwa namna ile, ndiyo. Lakini familia gani ingekubali? Mshenga alisema damu ya ukoo wetu ina ugonjwa unaowapata watoto. Baba alikufa kijana, shangazi alikufa kijana. Mtaa mzima ulijua. Mimi sikupata hata mtu mmoja wa kuniposa pale, ikabidi mama anitafutie mume kaskazini kabisa, kwa watu wa viazi wasiouliza sana. Bahati yangu alikuwa Kengo. Wewe ulibaki na nyumba, na mto, na majirani. Mimi nilitupwa. Sikulaumu, nakuambia tu kwamba kama kuna wa kulia dirishani, tulikuwa wawili.

Weka ua kwenye maji, ushone.

Mdogo wako,
Mitsuyo


Kanazawa, 3 Juni 2018

Mitsuyo wangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Mimi mzima wa mwili. Ninachokuandikia leo, tafadhali kisome ukiwa umekaa, na Kengo awe karibu.

Ushauri wako sikuufuata. Nilivumilia wiki chache, kisha asubuhi moja alipofika pale penye "nywele zikawa nyeupe", nikasukuma dirisha wazi. Nikawaambia wageni, "Habari za asubuhi. Binti mwenyewe ni mimi. Sikungoja, nilikuwa na kazi. Aliyekimbia ni huyo hapo mwenye bendera." Watu wakageuka kumtazama. Kwanza wakadhani ni mchezo tumeupanga, wakacheka. Kisha wakamwona uso ulivyomwiva, wakaacha kucheka. Bi Nagai upande wa pili akasema kwa sauti ya kutosha, "Mzimu umechoka kungoja." Hamaoka akaondoka na kundi lake akikimbia kama mtu aliyesahau sufuria jikoni.

Siku kadhaa hakuonekana. Nikajiona nimeshinda, nikapika wali wa maharage mekundu, ule wa sherehe, nikala peke yangu.

Jumatatu akarudi na kundi kubwa kuliko la kwanza. Akasimama mbele ya dirisha, akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti. Akaanza kusema mbele ya wote kwamba hadithi aliyokuwa akiisimulia ni ya uongo, kwamba binti yule ni mtu hai na yeye ndiye aliyemtenda. Mimi nimekaa ndani, nasikiliza, na nakiri nilifurahi. Kisha akafika hapa, na haya ni maneno yake.

"Kule Osaka nilikuwa na mwanamke mwingine. Kuvunja uchumba bila sababu kungeiaibisha nyumba yetu. Nikabuni ugonjwa. Nikamwambia mjomba kwamba damu ya ukoo wao ni mbovu, kwamba watoto wao hawatakuwa wazima. Mjomba akampelekea mshenga. Haukuwepo ugonjwa wowote. Niliutunga usiku mmoja nikiwa nakunywa."

Mitsuyo, haukuwepo ugonjwa. Baba alikufa kwa homa ya mapafu. Shangazi alizama mtoni. Sote tuliyajua hayo, na bado tukamwamini mshenga, kwa kuwa alikuja na uso wa huruma.

Na wageni? Wakampigia makofi. Mama mmoja akampa leso. Mwingine akamwambia kwamba ni jambo la ujasiri mzee wa umri wake kusema hivyo. Sasa kila asubuhi analia pale pale, kwenye neno lile lile, na watu wanajipanga kumsikia. Amekula aibu yetu mara ya kwanza kama hadithi na mara ya pili kama machozi, na mara zote mbili ameshiba.

Niandikie upesi.

Dada yako,
Hisae


Kanazawa, 10 Julai 2018

Mitsuyo,

Habari za huko? Barua yangu ya Juni haijajibiwa. Nilipiga simu, shemeji akasema uko shambani. Nikapiga jioni ya mvua, akasema uko shambani. Sikumuuliza tena.

Nimesafisha kaburi la mama kwa ajili ya siku za wafu, nikawasha ubani kwa jina lako pia.

Kama nimekukosea kwa kuandika wazi, niambie. Hata neno moja kwenye kadi.

Dada yako,
Hisae


Obihiro, 29 Agosti 2018

Dada yangu,

Naomba radhi kwa kimya. Mimi ni mzima. Kengo ni mzima. Tumeanza kuvuna.

Kuna jambo hukuwahi kuniuliza, na ulifanya vizuri kutoniuliza, kwa nini hatukupata watoto. Mama alipokuja mara ile moja tu huku, aliona nyumba, akasifu jiko, hakuuliza pia. Kengo aliponioa alijenga vyumba viwili upande wa jua. Nikamweleza habari ya damu yetu. Akasema twende hospitali nikapimwe. Niliogopa jibu, Dada. Nilijiambia, nikizaa mtoto mgonjwa nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu huku nimeshaonywa. Nikakataa. Mwaka baada ya mwaka nikakataa, naye hakunilazimisha, hakunitukana, hakutafuta mwingine. Vile vyumba tunaweka viazi vya mbegu. Vinahifadhika vizuri, upande wa jua hapagandi.

Barua yako nilimsomea mezani. Akaniomba nirudie pale aliposema aliutunga akinywa. Nikarudia. Akatoka nje, akakaa ndani ya trekta bila kuliwasha mpaka kukaingia giza. Tangu siku hiyo hatujalizungumza. Anapika chai yangu kabla sijaamka, basi.

Mwanzoni nilikuandikia uachane na huyo mtu. Sasa nakuomba usimwache. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi sikuwa na kovu hata, nilikuwa na kidonda ambacho nilidhani ndiyo ngozi yangu.

Usimpige wala usimmwagie maji, majirani watamwonea huruma, na huruma ndiyo chakula chake. Mnyang'anye wasikilizaji. Na umwambie habari ya vyumba, umwambie mbele ya watu, na asipewe leso.

Mdogo wako,
Mitsuyo


Kanazawa, 21 Oktoba 2018

Mitsuyo mdogo wangu, na shemeji Kengo,

Nawasalimu wote wawili, na barua hii msomeane. Afya yangu njema, miguu tu ndiyo imechoka, na sababu mtaiona.

Nilingoja siku ya mvua, nayo hapa haichelewi. Hamaoka akaja na kundi lake chini ya miavuli. Akavua kofia, akainama, akaanza. Nikavaa viatu vya mvua, nikatoka mlangoni nikasimama kando yake mpaka alipofikia machozi. Kisha nikamwambia, "Asante, Mzee Hamaoka. Yako yameishia hapo. Yetu hayajaanza." Nikawageukia wageni, nikawaambia jina langu, na kwamba anayetaka kuyajua yaliyobaki anifuate.

Wakatazamana. Hamaoka akajaribu kucheka, akasema njia iliyopangwa inaelekea hekaluni. Baba mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Hekalu halihami," akaja upande wangu. Wakaja wote.

Nikawapeleka kwanza bafu la mtaa. Nikawaonyesha mlango ambao mama alianza kuuingia wa mwisho, baada ya wanawake wote kuoga, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuingia kwenye maji aliyooga yeye. Nikawapeleka kwenye geti la mshenga, mahali mama alipoinama kwenye mvua kukuombea mchumba wewe, na mwanga ukazimwa ndani akiwa bado ameinama. Hakuna bango pale, wala ua zuri. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama apige picha. Nikamwambia apige, kwa nini asipige, ni mtaa wa kihistoria.

Mwisho nikawafikisha kituo cha basi karibu na daraja, pale ulipopandia na sanduku lako moja. Nikawaambia mama hakutoka kukuaga kwa aibu, alikuchungulia kwenye fito za dirisha. Ile ndiyo siku pekee mtu wa nyumba yetu alipokaa dirishani akilia, na hakuwa akimlilia mwanamume.

Hamaoka alikuwa ametufuata kwa mbali, bendera imelowa. Nilimwona, nikampazia sauti. Nikamwambia habari ya vyumba viwili upande wa jua na kilichomo ndani. Nikasema, "Huyo ni mdogo wangu. Ana miaka sitini. Hakuna ugonjwa." Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mgongoni kwa baba yake alikuwa anachezea koti lake la mvua, na watu wote walimtazama yule mtoto, kisha wakamtazama Hamaoka. Hakulia. Nadhani alitaka, lakini hakukuwa na wa kumlilia.

Alirudi akapita mbele ya Bi Nagai akaomba kuazimwa mwavuli. Bi Nagai akamjibu kwamba anao, ila ni wa wateja.

Tangu hapo hana kundi. Wageni wanakuja kugonga kwangu, wanauliza kama mshonaji anatembeza leo. Kila Jumamosi natembeza. Nimeongeza nyumba moja mwishoni, nayo ni ya mjomba wake. Nasimama nje ya geti, nasema hapa ndipo ugonjwa ulipotungwa, na mtunzi wake anaishi humu. Kwa kawaida mapazia huwa yamefungwa.

Jumamosi iliyopita, wageni walipokwisha kuondoka, Hamaoka akayafungua. Amekonda, Mitsuyo, sitakudanganya. Akaniuliza, "Hisae, mpaka lini? Mimi ni mzee sasa."

Nikamwambia na mimi ni mzee, na mdogo wangu anauelekea uzee.

"Mpaka lini?" akarudia.

"Sisi hatukuwahi kuuliza," nikamwambia, nikafungua mwavuli, nikaenda zangu.

Nilidhani baada ya hapo nitalala usingizi mzito. Nalala kidogo tu. Lakini naamka nikiwa na kazi.

Dada yenu,
Hisae