Mchanga wa Aline

Jumanne, 3 Julai 2012
Nimebadilisha maji tena. Ndoo mbili za kisima, zimekaa juani tangu jana. Samaki wote watatu wako hai, lakini sharubu zao zimekwisha. Si ugonjwa. Ni changarawe ya rangi, bluu na waridi, iliyokuja na kioo hiki cha kufugia samaki kutoka Mbarara. Binti yangu Aline alifagia hoteli moja huko miaka miwili. Hoteli ilipobadilisha mapambo, akapewa kioo na samaki. Alivileta hapa kambini Rubondo amevipakata kama mtoto. Miezi kumi sasa tangu tumzike. Kambare hawa, urefu wa kidole gumba, ndio wa mwisho kulishwa na mkono wake.

Kambare hula kwa kuchimba chini kwa uso. Changarawe yenye makali inawanyoa. Mjinga gani aliamua samaki alale juu ya vigae ili mgeni wa hoteli afurahie rangi? Ningejua jina lake ningemwandikia.

Ijumaa, 6 Julai
Nimesoma tena kile kitabu cha Kifaransa cha kufuga samaki nilichookoa sokoni Misiera kabla muuza karanga hajakichana chote kufungia bidhaa. Kinashauri changarawe. Mwandishi hajawahi kumtazama kambare usoni. Nimemjibu pembeni kwa kalamu nyekundu.

Changarawe nimetupa. Nimeweka udongo mweusi wa kinamasi. Majani ya majini lazima yashike mizizi. Hatuna umeme wa pampu. Hewa yao inatoka kwenye majani.

Jumapili, 8 Julai
Maji meusi. Harufu ya yai bovu. Mmoja amekufa, yule mdogo. Kosa langu, si la Mfaransa. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtu aliyefiwa leo.

Mama Aline alipita na kitenge chake cha kanisa. Tangu ugomvi wa kaburi hasemi nami ila la lazima. Alitaka lijengwe kwa saruji siku ya kuondoa matanga. Nilipinga mbele ya mchungaji na wazee wote. Saruji ni ya mtu aliyekubali kubaki. Sisi ni wakimbizi; mtoto wetu atarudi kwetu Kivu, hata kama ni mifupa. Nilisema karibu saa nzima. Nilishinda. Tangu siku hiyo nakula peke yangu.

Jumatano, 11 Julai
Sasa najua. Udongo chini, kina cha vidole viwili, ulishe mizizi. Juu yake mchanga laini, uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Udongo kwa majani, mchanga kwa nyuso. Rahisi. Ila mchanga wa namna hiyo huletwa na mvua kwenye korongo, na huu ni kiangazi. Wa barabara ya Rwekubo ni kokoto tupu. Samaki wawili wako kwenye beseni. Hawali.

Nililalamika kwa sauti, kama kawaida yangu. Mama Aline alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Muchanga ya Aline iko nyuma ya kanisa. Bamama balishaichekecha."

Ya Aline! Hapa nyumbani ndivyo tunavyosema: kioo ya Aline, samaki ya Aline. Miezi kumi hajakigusa kioo, kumbe ametafuta mchanga, na wanawake wa kanisa wameshauchekecha. Nilitaka kumshika mkono. Niliona aibu.

Alhamisi, 12 Julai
Nimebeba ndoo mbili. Mchanga kama unga. Nimeutandaza juu ya udongo, nikapanda majani. Samaki walishuka, wakazamisha uso mpaka machoni. Wakala! Nimeimba. Mimi, ambaye hata kanisani siimbi.

Jumamosi, 14 Julai
Mwashi alifika na saruji. Mchanga haukutosha. Mama Aline aliingia ndani, akatazama kioo, akajua.

"Baba Aline, umefanya nini? Ule muchanga ni ya kaburi!"

"Si ulisema ni ya Aline?"

"Na kaburi ni ya nani?"

Wanawake wa kanisa walijaa mlangoni. Jirani yetu Mama Sifa akasema, "Mwalimu, unasoma bitabu mingi, lakini luga ya bibi yako haujue." Mmoja alicheka.

Nilikuwa na hoja tatu tayari. Sikutoa hata moja. Msimu mzima wa mvua walibeba mchanga huo kichwani kutoka korongoni, kwa siri, kwa kuogopa mdomo wangu. Ni yeye peke yake aliyeniambia wazi. Alikuwa anatangaza kwamba atajenga, nitake nisitake. Mimi nikasikia amenisamehe.

Jumatatu, 16 Julai
Nimetoa mchanga wote. Umechanganyika na udongo. Nimeuosha mara tisa. Mara ya nne Mama Aline alikuja, akashika upande wa pili wa beseni. Nilipeleka ndoo mwenyewe mpaka makaburini, nikachukua sepetu, nikamkorogea mwashi. Bado naamini nilivyosema mbele ya wazee: saruji ni ya aliyekubali kubaki. Nimekoroga hata hivyo. Haturudi. Hata Aline harudi.

Jumatano, 18 Julai
Saruji imekauka. Mwashi ameandika jina kwa msumari: ALINI. Nimeliacha hivyo.

Samaki wako kwenye kioo chao, chini hakuna udongo wala mchanga. Majani yanaelea bila mizizi. Sijui kama watafika mvua za Septemba. Wanagusa chini kwa uso, wanasogea, wanagusa tena.

Mama Aline alisimama nyuma yangu.

"Banatafuta nini?"

"Chini," nilisema.

Alivuta kigoda, akakaa. Tuliwatazama mpaka uji ukapoa.