Jina la Kuandika Ukutani

Jumatatu, 6 Mei

Bwana Kishindo karudi na kigari chake. Kigari cha kubebea mboga, injini ya kubebea mawe! Kaipachika humo kwa nguvu, kaongeza turbo, sasa anashangaa inakohoa. Ukikanyaga mafuta kidogo, sawa. Ukikanyaga sana – inashtuka, inakosa moto, inatikisika gari zima. Anasema koili mbovu, ile inayoipa plagi moto. Kajuaje? Kasoma kwenye simu. Haya.

Nikamuuliza nani alimfungia nyaya. Eti fundi mkubwa, mji huu hana wa pili. Jina? Akaanza kukagua kucha zake.

Jumanne, 7 Mei

Nimeitoa koili ya silinda ya tatu, nimeifunga kwenye ya kwanza, na ya kwanza nimeipeleka ya tatu. Kama koili ndiyo mgonjwa, ugonjwa ungehama nayo. Haukuhama! Silinda ya tatu bado haina moto. Plagi nayo mpya. Nikamwambia Kishindo: ni nyaya. Akasema lakini kwenye simu wameandika – nikamwambia basi simu ije ishike spana.

Gereji nzima imecheka, isipokuwa Baba. Ajabu. Baba alinifundisha dharau kabla ya kunifundisha umeme. Ule ukuta wa aibu ni wake: kazi mbovu za mafundi wengine, tunazozitoa kwenye magari ya watu, anazipigilia msumari, chini yake jina la fundi kwa chaki. Hadi fyuzi ya karatasi ya sigara ipo. Wateja wakisubiri wanasoma, wanavunjika mbavu. Leo kanywa chai yake, kasema tu: "Badilisha koili, mwanangu. Nyaya usizifungue, utapoteza siku."

Usizifungue! Yeye! Tangu apasuliwe macho akamwahidi Mama kwamba hatashika waya tena, kazi yake ni kukaa kitini na kuwasema watu. Hata hiyo imemshinda. Uzee.

Jumatano, 8 Mei

Kishindo kaleta koili nne mpya. Nyekundu, eti za mashindano. Nimezifunga. Inakohoa vilevile, ila sasa kwa urembo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeupata ugonjwa! Injini ikiwaka, nimetikisa fungu la nyaya kidogo kidogo kwa mpini wa bisibisi. Nyuma kabisa, upande wa dashibodi – nikitikisa inakohoa, nikiacha inatulia. Mle ndani, chini ya tepu, kuna kiungo. Mtu kasokota waya wa koili, kauacha hivyo hivyo bila kuuchomea risasi. Joto la turbo, mtetemo, basi, unaachia.

Nimetangaza mbele ya wateja wote: kesho nakikata, kinapanda ukutani, na Kishindo atataja jina apende asipende. Fundi gani huyo? Apewe kamba akafunge mbuzi! Wamepiga makofi. Mmoja kasema binti huyu hana breki. Nimefurahi, kwa nini nisifurahi.

Baba kaondoka mapema. Kichwa kinamuuma, kasema.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika chooni. Nimetia komeo.

Nimekikata. Nimebandua tepu. Chini ya tepu kuna uzi.

Uzi mweusi wa kushonea, umezungushwa sawasawa, ukamalizwa kwa fundo dogo. Gundi ya tepu huyeyuka, mwanangu, uzi haukuachi mkono – maneno yake. Sijaona mwingine anayefunga hivyo. Ni yeye na mimi. Na hii sikuifunga mimi.

Uzi safi kabisa. Lakini waya ndani yake! Nusu ya nyuzi za shaba zimebaki nje, hazikushikwa. Hakuziona. Alipapasa tu. Itakuwa wiki ile niliyolala hospitali nikimuuguza mtoto wangu, Baba kabaki gereji peke yake. Nikipiga simu: Baba, wateja wapo? Hakuna, mama, nimekaa tu. Mwongo! Mwongo mkubwa! Nina hasira naye, na machozi hayakatiki.

Na Kishindo kamtunzia siri. Kishindo! Debe tupu lile limenishinda adabu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Majina yote yale ukutani nimeyacheka tangu utoto. Sijawahi kuuliza hata mmoja anaona vipi.

Nyundo inagonga. Nimechungulia tunduni. Baba kashapigilia msumari, juu kabisa, mahali peupe. Watu wamejaa. Kishindo anamvuta mkono, anamnong'oneza. Baba anamsukuma pembeni. Chaki anayo.

Ananiita.

"Mwanangu! Lete huo waya. Jina nitaandika mwenyewe."

Kiungo kimo ngumini. Shimo la choo hili hapa, chini ya miguu yangu. Anaita tena –